Nadhiri ya Mwenye Kipara

Mungu wetu wa Pulikonda ana kichwa cha simba na manyoya yake kamili, hakupungukiwa hata unywele mmoja. Nywele za watu anazitakia nini? Miaka ishirini na sita nimekaa karibu na mlango wake na wembe mkononi nikijiuliza, na jibu sijapata. Kuhani mkuu naye hana jibu, ila yeye ana gari. Mimi nina mgongo unaouma.

Naitwa Komurayya. Baba yangu alikuwa kinyozi wa mlima huu, na babu yangu vilevile. Ukipanda ngazi mia nane na kitu, ukafika pale ambapo mahujaji huacha kuimba jina la Swami, ndivyo tunavyomwita mungu huyo, na kuanza kulaani magoti yao, mkono wa kushoto utaona ukumbi mrefu wa paa la bati. Ndani tumo wanaume thelathini, tumekaa chini mstari mmoja, kila mmoja na ndoo yake. Hapo ndipo nadhiri zinapolipwa. Mtoto akipona, nywele. Mtihani ukipita, nywele. Nyati aliyepotea akirudi zizini, nywele za mwenye nyati. Zote zinaingia mapipani, hekalu linazipiga mnada, na huko ng'ambo zinashonwa mawigi. Biashara nzuri sana, maana Swami hakuweka mtaji wowote.

Asubuhi moja ya mwezi wa harusi, mahujaji wakiwa wachache, alinijia mama mmoja mfupi, sari ya kijani, anahema lakini macho makavu kabisa. Alichuchumaa mbele yangu.

"Wewe ndiye Komurayya?"

"Ndimi, mama. Tikiti yako?"

"Tikiti baadaye. Nimeambiwa una mkono mwepesi na mdomo mzito."

"Mkono ni kweli," nikamwambia.

Jina lake Ratnamma. Alinieleza mambo yake harakaharaka, jicho moja kwenye ngazi. Mwanawe wa pekee, Chalapati, alipokuwa na miaka minne alishikwa na homa ya matumbo, waganga wakakata tamaa. Ratnamma akamwahidi Swami nywele zote za mtoto. Mtoto akapona. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, safari ikaahirishwa. Mwaka wa pili mtoto akaanza shule, watoto wangemcheka. Kisha akawa kijana, akaota masharubu na majivuno, hataki kusikia habari ya wembe. Kisha akapata kazi Haidarabadi, kwenye ofisi ya bima.

"Nikasema Swami ana subira," Ratnamma akaniambia. "Kumbe hana. Mtoto alipofika miaka ishirini na minane, Swami akaanza kujichukulia mwenyewe. Kidogo kidogo, kuanzia utosini."

"Zimebaki ngapi?"

"Zimebaki za pembeni tu, kama ua wa bustani. Katikati hakuna bustani. Miaka sita sasa anavaa wigi. Wakwe hawajui. Binti hajui. Harusi ni siku ya kumi na moja kuanzia leo, kadi zimekwisha kusambazwa."

Ndipo akanieleza mpango wake, nami nikaweka wembe chini nimsikilize vizuri. Mwanawe ataingia ukumbini na nywele, mbele ya macho ya wakwe. Mimi nitamlowesha, nitamfunika taulo, nitakata, nitabandua, nitanyoa hizo za pembeni, nitapaka liwa ya msandali. Atatoka na kipara kama wanaume wengine wote wanaotoka humu. Nani atauliza swali? Wataoana. Halafu nywele zisipoota tena, basi, ni mapenzi ya Swami, familia zote mbili zitasikitika pamoja.

"Haya uliyafikiria lini, mama?"

"Nikichambua dengu."

"Na Swami mwenyewe? Utamlipa kwa nywele za dukani?"

"Hizo za dukani zimetoka wapi? Si humu humu ukumbini mwenu? Basi anarudishiwa zake."

Nilicheka mpaka jirani yangu wa ndoo ya kumi na mbili akageuka. Nimeona watu wengi wakijaribu kumpunja Mungu, lakini wengi hawana akili ya kazi hiyo. Huyu alikuwa nayo. Nikakubali, kwanza kwa kumheshimu, na pili kwa sababu mimi mwenyewe kipara changu kilianza nikiwa na miaka thelathini, na najua jinsi watu wanavyoongea na paji la uso wako badala ya kuongea nawe.

Shida ilikuwa moja. Ratnamma alitaka kupanda na mwanawe peke yao. Shangazi wa bibi harusi, aitwaye Subbamma, akasema haiwezekani, nadhiri ya bwana harusi ni shughuli ya familia mbili. Kwa hiyo wote walikuwa njiani wakipanda, na Ratnamma alikuwa amewatangulia kwa kisingizio cha kukata tikiti.

Walifika. Chalapati mbele, mtu mrefu, mpole wa uso, jasho linamtiririka shingoni. Wigi lilikuwa la daraja la juu, nasema kweli, lakini kichwa cha mtu aliyepanda ngazi mia nane kinalowa kuanzia mizizi, na chake kilikuwa kikavu kama zulia. Nyuma yake alikuja binti, Haimavati, mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na tisa. Na nyuma ya binti, hatua tatu, alikuja shangazi Subbamma akiwa ameshika kwa mikono miwili ncha ya msuko wa binti ili usiguse ngazi, kama mtu anayerudi na mbuzi kutoka sokoni.

Nilikuwa sijawahi kuona nywele kama zile. Nyeusi, nzito, zimevuka magoti, zimepambwa asumini kutoka kisogoni hadi mwisho.

"Miaka ishirini na tatu nimezilea," Subbamma akaniambia kabla hata sijauliza. "Tangu mama yake alipofariki. Kila Jumapili mafuta ya nazi, kila Jumapili nazichana mimi mwenyewe. Maposa manne yamekuja kwa ajili ya nywele hizi."

"Na manne yakaondoka kwa ajili ya mdomo wangu," akasema Haimavati.

"Nyamaza mbele ya wakwe."

Kwa mwanamke, mlima wetu unaridhika na kukatwa mara tatu kwa mkasi, ncha tu, upana wa vidole. Subbamma akataka binti aanze. Nikakata. Moja, mbili, tatu. Shangazi alifumba macho kila mkasi ulipolia. Haimavati alitazama vile vipande vitatu vikianguka, akavitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyostahili.

Ikawa zamu ya bwana harusi. Alikaa mbele yangu, akainamisha kichwa. Nikachota maji. Subbamma akanisimamisha kwa kidole.

"Ngoja. Nataka shungi la kwanza nilifunge kwenye kitambaa cha njano, tuliweke chini ya jamvi la harusi. Nikatie la utosini kabisa. Ndilo lenye baraka."

Ratnamma akapaliwa na mate yake mwenyewe. Mimi ni mtu wa kazi, sikubabaika.

"La utosini hapana, mama," nikasema. "Utosini linapigwa jua, baraka zinakauka. Lenye baraka ni la nyuma ya sikio. Maombi yanapita pale yakiingia."

Sijui nilitoa wapi. Subbamma akaafiki mara moja, tena akatazama wenzake kama kwamba yeye alijua zamani. Nikakata shungi la nyuma ya sikio, la kweli, la Chalapati mwenyewe, nikampa. Akageuka kando, akafungua mkoba wake, akaanza kutafuta kitambaa cha njano.

Nikafunika taulo, nikamwaga maji, nikaingiza vidole chini ya wigi. Halikutoka. Nikamwaga maji mengine. Wapi. Gundi za siku hizi wanazitengeneza watu wasiomjua Mungu.

"Umepaka nini?" nikamnong'oneza.

"Ya kuzuia maji," akanong'ona. "Niliogopa mvua."

"Uma meno."

Nikavuta. Chalapati akatoa mlio mwembamba.

"Mbona analia?" akauliza Subbamma, mkono bado mkobani.

"Imani, mama. Inamgusa."

Nikavuta mara ya pili, kwa hasira sasa, na wigi likabanduka zima zima, likaniponyoka kutoka chini ya taulo, likaruka, likatua sakafuni, wavu juu. Lilitua mbele ya miguu ya Haimavati.

Ratnamma aligeuka jiwe. Mimi nilishika wembe hewani. Mficha maradhi, wahenga walisema, na hapo maradhi yalikuwa yamelala chali mbele ya mchumba. Haimavati alilitazama wigi. Akamtazama shangazi yake, ambaye alikuwa bado anapekua mkoba na kulalamika kuhusu kitambaa. Kisha akasogea nusu hatua, akaweka mguu juu ya wigi, akalifunika kwa pindo la sari. Akachuchumaa pale pale, karibu na mchumba wake, kama anayetaka kumfariji.

"Haima," Chalapati akasema chini ya taulo, sauti imekwisha kabisa. "Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Baadaye."

"Baada ya nini?"

Akafikiri. Mtu mwaminifu, hata wakati ule alifikiri. "Baada ya mtoto wa pili."

Nikauma midomo. Haimavati hakucheka.

"Nilijua siku ile ya kuonana," akasema polepole. "Feni ilikuwa imewashwa. Nywele za watu wote sebuleni zilipepea, hata za mshenga. Zako zilitulia kama za kwenye picha. Nikasema, sawa, ataniambia. Wiki ikapita, mwezi ukapita, simu kila jioni, hukusema. Leo nimepanda mlima huu nimejiapia: tukishuka hajaniambia, hakuna harusi. Kadi zichomwe."

Ratnamma, aliyesikia kila neno, alikaa sakafuni kwenye maji.

Chalapati akalitoa lile taulo kichwani. Alikuwa uchi pale juu, amekuwa mwekundu kwa gundi, matone yanamdondoka puani.

"Basi nakuambia sasa," akanong'ona, shangazi bado ameinamia mkoba. "Nina kipara. Ninalala na kofia. Sijatoka nje kwenye mvua miaka sita. Kinyozi wangu ni mimi mwenyewe, mlango nikiwa nimeufunga."

"Hilo nimeshaliona kwa macho. Halihesabiki."

Nami mdomo wangu haukuwa mzito, kama nilivyomwonya mama yake. "Mwalimu," nikasema, "amechelewa, lakini amejibu. Mpe nusu ya maksi."

Hapo alicheka, kidogo, puani. Akanitazama mimi, akatazama wembe wangu, akatazama ule msuko wake ambao ncha yake ilikuwa imeanza kulowa kwenye maji ya sakafu.

"Nusu nyingine anaweza kuipata," akasema. "Chala, nisikilize. Mimi nina shida yangu. Kichwa kinaniuma tangu nina miaka kumi. Zikioshwa zinachukua siku mbili kukauka, nafundisha watoto mgongo umelowa. Siwezi kukimbia, siwezi kulala chali. Nikitaja mkasi shangazi anaacha kula. Ukiwa mwanamume, mwambie nadhiri ya mama yako ilikuwa ya vichwa viwili."

"Vichwa viwili?"

"Chako na cha mkeo."

Chalapati alimwangalia mama yake. Ratnamma alikuwa anatikisa kichwa kukataa, kwa nguvu, mikono yote miwili. Mama huyu alikuwa amewatangazia wanawake wa mtaa wake mzima kwamba mkwe wake ana nywele zilizovuka magoti. Alishanunua mpaka mkufu wa kuzifungia siku ya harusi. Mwanawe akampa kisogo.

"Shangazi!" akaita. Sauti ilipasuka, akaanza upya. "Shangazi, kuna jambo mama aliona haya kulisema. Nadhiri ni ya vichwa viwili. Changu na cha mke wangu."

Subbamma aligeuka, kitambaa cha njano mkononi. Kwanza alikitazama kile kipara, akakiona cha kawaida kabisa, maana kilikuwa ukumbini mwangu na wembe wangu ulikuwa juu yake. Kisha maneno yakamfikia.

"Nini? Ratnamma! Ni kweli haya?"

Mama wa watu. Alilitazama pindo la sari na kile kilichofichwa chini yake, akautazama msuko, akatazama tena pindo.

"Ni kweli," akasema, kama mtu anayeng'olewa gego.

"Mwanao alikuwa na miaka minne, ukaahidi kichwa cha mke wake? Huyu alikuwa hajazaliwa!"

"Nilikuwa na wasiwasi mwingi siku ile."

Subbamma akanigeukia mimi. "Wewe mtu wa dini, sema! Kwa mwanamke si mara tatu zinatosha? Si umekwisha kukata?"

Mtu wa dini! Kuhani mkuu angesikia kinyozi akiitwa hivyo angeanguka. Lakini watu wanne walikuwa wananitazama, na mmoja wao alikuwa na kichwa kinachomuuma tangu utoto.

"Tatu zinatosha kwa mambo madogo, mama," nikasema. "Mtihani, nyati, kesi ya shamba. Hii ni homa ya matumbo, na Swami ni simba. Simba hapelekewi mchicha."

Wahenga walisema ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Nadhani hawakumkusudia bibi harusi, lakini Haimavati alikuwa ameshajimiminia ndoo yangu nzima kichwani, maua ya asumini yanaelea kuelekea mferejini. Akakaa. Nikashika msuko. Ulikuwa mzito kama mtoto mchanga. Nikakata.

Mwanamke akishakatwa msuko shingo yake huinuka yenyewe. Nimeliona hilo mara nyingi. Ya huyu iliinuka mpaka nikadhani anataka kusimama.

Nilipoupeleka msuko pipani, Subbamma alinifuata, akaweka mkono juu yake, akausindikiza. Hakupiga kelele tena. Alisimama pale kwenye pipa, ndiyo kwanza nikaona kwamba amezeeka, na mikono yake imeng'aa kwa mafuta ya miaka yote ile.

"Sasa Jumapili nitafanya nini?" akauliza. Aliliuliza pipa, nadhani. Nilimhurumia sana, na nilijiona mshenzi, maana uongo ulikuwa wangu.

"Utalala, shangazi," Haimavati akamjibu, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. "Miaka ishirini na tatu hujalala Jumapili. Utalala mpaka saa nne, halafu utakuja kwangu nikupikie wali wa ukwaju. Na kichwa utakipaka mafuta vilevile, ila dakika moja tu, uketi ule."

Subbamma alijifuta macho kwa kile kitambaa cha njano, shungi limo ndani. Akasema wali wa ukwaju wa Haima hauna chumvi. Haimavati akasema ataongeza.

Wigi lilikwenda pipani pia. Haimavati alilisukuma kwa kidole cha mguu hadi kwangu, nami nikalitosa chini ya msuko wake. Wanaochambua nywele wakikuta wavu humo, kuhani atatangaza muujiza na tikiti zitapanda bei.

Nikamaliza. Kazi ya mwisho ni liwa, na liwa ni kazi yangu. Hupaka kinyozi, au ndugu wa damu. Nilikuwa nimeshachovya vidole. Haimavati akanipokonya bakuli.

"Haima!" Subbamma akapiga kelele. "Hamjaoana bado! Watu wanaona!"

Watu kweli walikuwa wanaona. Nyembe thelathini zilikuwa zimesimama. Haimavati, kichwa kinameremeta kama sufuria mpya, alikwenda nyuma ya Chalapati, akamimina liwa utosini, pale pale penyewe, akaanza kupaka kwa kiganja kizima, bila haraka, mpaka nyuma ya masikio.

Chalapati alitulia kabisa. Kisha uso wake ukakunjamana.

"Mbona analia tena?" akauliza Subbamma.

Nilitaka kusema imani. Akanitangulia mwenyewe.

"Miaka sita," Chalapati akasema, taratibu, kwa yule aliyekuwa nyuma yake. "Hakuna mtu aliyenishika kichwa. Hata mama alikuwa anaogopa kukigusa."

Ratnamma akatazama sakafu. Haimavati alichota liwa nyingine, akarudia kupaka pale pale alipokwisha kupaka, na alipomaliza akarudia tena.